Kazi za Mikono Wakati wa Mavuno kwa Nyumba Inayongoja Mtoto



Huku kwetu Momela mahindi yaliyopandwa kwa mvua za masika huvunwa mwezi wa Julai na Agosti, nayo maharage hutangulia. Ni miezi ya baridi na ya kazi nyingi, lakini ni miezi ya furaha pia, maana ghala hujaa na kanisani tunafanya Sikukuu ya Mavuno. Katika nyumba nyingine mavuno humkuta mama ana mimba ya miezi saba au minane. Somo hili ni la nyumba hizo. Tutazame vitu ambavyo jamaa wanaweza kuvitengeneza wenyewe, jioni baada ya kazi, kabla mtoto hajazaliwa.

Kwanza kuna kikwazo. Wako bibi zetu wasiotaka nguo ya mtoto ionekane nyumbani kabla mtoto mwenyewe hajalia. Husema, "Unamshonea nani? Umemwona?" Tusiwacheke. Zamani watoto wengi walikufa wakati wa kuzaliwa, na mama aliyekwisha kushona alibaki akizitazama nguo zile. Waliokataza walitaka kumpunguzia uchungu. Lakini siku hizi mama huenda kujifungulia kituo cha afya au hospitali, na akifika anatakiwa awe na kanga safi na nguo za kumfunika mtoto. Asipokuwa nazo, mtu hutumwa dukani usiku wa manane, au mtoto aliyetoka katika joto hufungwa kwa kitenge alichovaa shangazi njiani, pamoja na vumbi lake. Hata Maria, aliyejifungua mbali na kwao, Luka anatuambia kwamba alikuwa na nguo za kumvika mtoto wake.

Basi, mabinti zangu, msigombane na bibi. Anzeni na vitu ambavyo si vya mtoto peke yake, bali ni vya nyumba. Kukata kanga kuukuu hakumtishi mtu.

Kanga moja, yaani nusu ya doti, huwa na urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu sentimita 110. Chagua iliyochakaa kwa kufuliwa, si iliyotoboka. Iwe ya pamba. Dondoshea tone la maji: likizama upesi, kanga hiyo inafaa; likibaki juu kama juu ya jani la mgomba, iache. Kanga iliyofuliwa miaka mingi ni laini na hunywa maji kuliko mpya yenye wanga wa kiwandani. Kata vipande vya mraba vya sentimita 50 kila upande. Kwa urefu utapata vitatu, kwa upana viwili, jumla sita, na utabaki ukanda wa sentimita 10, ambao utakuwa wa kufungia nepi badala ya pini. Kunja pindo mara mbili ushone kwa mkono. Doti mbili kuukuu zitakupa vipande 24, navyo vinatosha kwa kuanzia.

Ukimaliza, vichemshe, uvianike juani, uvipige pasi pande zote mbili, kisha uvifunge ndani ya mfuko safi. Pasi hapa si urembo. Wako nzi wanaotaga mayai katika nguo zilizoanikwa, na funza wake huingia katika ngozi ya mtoto. Joto la pasi huyaua mayai hayo. Na wakati wa kumfunika mtoto, msimkaze miguu ikanyooka kama fimbo. Nyonga zake zinataka nafasi ya kukunjuka.

Kitu cha pili ni kofia. Momela iko juu, zaidi ya meta 1,400, na asubuhi za Julai sote tunazijua. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili. Mzunguko wa kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake ni karibu sentimita 35. Fuma kitambaa cha sufu chenye upana wa sentimita 32, kwa kuwa sufu huvutika, na urefu wa sentimita 18. Shona ubavuni, pitisha uzi juu, uvute ujikusanye. Asiye na sindano za kufumia achukue njiti mbili za gurudumu la baiskeli, azisugue ncha kwenye jiwe mpaka zisichome kidole. Hiyo ni kazi ya baba, naye asiseme amechoka.

Msitie vifungo wala shanga. Jirani zetu Waarusha na Wamasai ni mafundi wa shanga, na mimi napenda sana kazi yao. Lakini shanga zipambe mkanda wa mama. Shingoni mwa mtoto uzi huweza kukaza, na ukikatika shanga humezwa. Wala msishone mto. Sisi chuoni tulipewa alama kwa kutarizi mto wa mtoto, wenye maua pembe zote nne, na ulikuwa mzuri kutazama. Mtoto mchanga hahitaji mto. Unaweza kumziba pumzi. Alazwe chali, mahali palipo sawa.

Yuko mmoja anayesahauliwa katika maandalizi haya, yule mtoto wa miaka mitatu au minne anayekaribia kushushwa mgongoni. Mtengenezeeni mdoli wa maganda ya mahindi. Chukua maganda ya ndani, yale laini. Yenye kuvu yachome, wala usiwape ng'ombe. Yaloweke kidogo yasikatike. Panga sita, yafunge ncha moja kwa uzi, kisha yakunje yarudi chini yakifunika fundo hilo, ufunge tena: hicho ni kichwa na shingo. Viringisha ganda jingine liwe mikono, lipitishe katikati, ufunge kiuno. Ndevu za mahindi ni nywele. Umbebeshe mwanao kwa kipande cha kanga, mwende pamoja kuteka maji. Nimeona watoto waliokuwa wakali kwa wivu wakitulia kwa njia hii, kwa kuwa nao wana wao wa kulea.

Kazi hizi za kukaa chini zina faida nyingine, kwamba zinamkalisha mama. Magunia si yake mwaka huu. Kupukuchua akiwa ameegemea ukuta kunatosha, na siku ya kliniki iwe siku ya kliniki hata kama gari la kubebea mahindi limekuja.

Sasa sherehe. Mjini Arusha siku hizi wanafanya sherehe waiitayo bebi shawa, yenye kadi, michango, keki na mpiga picha. Siwalaumu, ila nimesikia mama akichangiwa keki kubwa halafu akikosa nauli ya kwenda kujifungua. Kwetu inatosha jioni moja mahindi yakiisha kuingia ghalani. Waalikwe majirani, na kila mmoja alete kanga moja kuukuu iliyo safi, na wanaoweza walete mafungu ya sufu. Wake wa Bethlehemu walikuwa jirani kweli kweli: Ruthu alikuja kwao kama mgeni wakati wa mavuno ya shayiri, na alipojifungua, wao ndio waliompa mtoto jina la Obedi. Chakula kiwe cha msimu: loshoro ya mahindi, ndizi na maziwa mgando, au makande ya maharage mapya. Pombe ya ndizi mama mjamzito asipewe hata ya kuonja.

Chungu hicho cha makande kinanileta kwenye jambo ambalo kwetu ni zito kuliko nguo. Wengi tunatia magadi ili maharage yaive upesi. Magadi ya huku, pamoja na maji mengi ya mito na chemchemi zetu, yana floraidi nyingi inayotoka katika miamba ya mlima wetu uliotoka moto. Kiwango kinachokubaliwa katika maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na maji mengi ya upande huu yamekipita mbali. Ndiyo maana watoto wetu wana meno ya kahawia, na wengine miguu iliyopinda. Kuchemsha hakuiondoi floraidi. Maji yakipungua kwa kuchemka, inayobaki huzidi ukali. Kwa hiyo lowekeni maharage usiku kucha, na magadi yaacheni.

Mungu ameweka kinga ya ajabu: maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji hayo. Miezi sita ya kwanza mtoto apewe maziwa ya mama peke yake. Hatari huanza siku ya uji, maana meno ya mbele ya kudumu hujengeka ndani ya ufizi katika miaka ya kwanza.

Fanyeni hesabu. Mtoto wa Agosti ataanza uji Februari, wakati wa ukame. Maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi, lazima yawe yamekingwa katika vuli, Novemba na Desemba. Basi mfereji uwe umefungwa kabla ya hapo. Bati kuukuu likunjwe kwa urefu, lifungwe kwa waya chini ya ukingo wa paa, liinamie upande wa pipa. Paa la meta 6 kwa 5 hupata lita 30 kwa kila milimita moja ya mvua. Mvua ya kwanza iachwe ioshe vumbi. Pipa lisiwe lililowahi kubeba mafuta au dawa ya shamba, na mdomo wake ufungwe kwa kitambaa mbu wasiingie. Mtoto akitumia lita 2 kwa siku kwa uji na kunywa, zikichemshwa kwa ajili ya vijidudu, pipa la lita 200 litamfikisha siku 100, nayo masika itakuwa imekwisha kuanza. Bibi naye hatakuwa na neno, kwa kuwa maji ni ya nyumba.