Mnada wa Mtandaoni na Hesabu ya Bahasha Moja

Na mwanafunzi wa Kidato cha IV

Kila mmoja wetu amepata kuona mnada. Dalali husimama mbele ya watu, huinua shati la mtumba au humshika mbuzi kwa kamba, hutaja bei, nao watu hupandisha mpaka abaki mmoja. Aliyeshinda hulipa papo hapo, humchukua mbuzi wake, na huenda zake. Hapana posta hapo, wala bahasha, wala kungojana. Katika makala hii nataka kueleza mnada wa namna nyingine, ambao dalali wake ni kompyuta, na muuzaji aweza kuwa Leeds na mnunuzi akawa Tanga, nao hawajaonana wala hawataonana.

Sababu ya kuandika ni mjomba wangu. Yeye hukusanya stempu za zamani, hasa zile zilizotolewa kwa pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika tangu mwaka 1935, zenye picha za simba, mlima Kilimanjaro na jahazi la Ziwa Victoria. Likizo iliyopita alishinda mafungu matatu ya muuzaji mmoja wa ng'ambo kwa usiku mmoja. Kila aliposhinda fungu alilipa pale pale kwa furaha, na kila mara alilipia na posta yake. Baada ya majuma kadhaa ilikuja bahasha moja tu, na mafungu yote matatu yamo ndani.

Mjomba alikasirika sana, akasema ameibiwa. Nikamwuliza, "Mjomba, uliomba ankara moja kabla ya kulipa?"

"Ankara ya nini, mpwa wangu? Nilishinda, nikalipa."

Basi tulikaa mezani tukachukua karatasi na kalamu. Kabla sijaonyesha hesabu yetu, yafaa kwanza tujue mnada huu unavyokwenda.

Mnada mashuhuri kuliko yote wa aina hii ni eBay. Uliundwa mwezi wa Septemba mwaka 1995 huko California, Marekani, na Pierre Omidyar, mzaliwa wa Paris mwenye asili ya Iran. Hapo kwanza uliitwa AuctionWeb. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kitochi cha miale ya leza, nacho kilikuwa kibovu, kikanunuliwa kwa dola 14.83. Inasimuliwa kwamba Omidyar alimwandikia mnunuzi kumwuliza kama ameelewa kuwa kitu chenyewe ni kibovu, naye akajibu kwamba yeye hukusanya vitochi vibovu! Nimecheka mara nyingi kwa habari hiyo, lakini ina maana kubwa. Mnada huu huishi kwa wakusanyaji, na mkusanyaji hanunui mara moja. Akimpata muuzaji mwenye vitu avipendavyo, hurudi leo, kesho na kesho kutwa. Huyo ndiye mnunuzi wa kurudia, naye ndiye kiini cha somo letu.

Katika mnada wa sokoni mtu hupaza sauti. Katika eBay mtu huandika dau lake la juu kabisa, na kompyuta hulificha, kisha humpandishia kidogo kidogo kadiri inavyohitajika tu. Tuseme Asha ameandika dola 20 na Musa ameandika dola 14. Asha atashinda, lakini hatalipa 20. Atalipa 14.50, yaani dau la Musa pamoja na ngazi moja ya kupanda, ambayo ni senti 50 kwa bei za kati ya dola 5 na 24.99. Kwa hiyo bei huamuliwa na yule wa pili. Wauzaji wa stempu walikuwa na minada kama hii kwa barua zamani, kabla ya kompyuta, na mtaalamu William Vickrey aliandika hesabu zake mwaka 1961. Alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwezi wa Oktoba mwaka 1996, akafa siku tatu tu baada ya habari hiyo kutangazwa. Msomaji ashike neno hili moja, kwamba bei huamuliwa na wa pili, maana tutalihitaji.

Sasa twende kwenye bahasha. Posta haitozi kwa gramu moja moja, hutoza kwa ngazi za uzito. Tuseme, kwa mfano wetu, hadi gramu 100 ni dola 3, na hadi gramu 250 ni dola 5. Fungu moja la stempu lina gramu 25. Bahasha pamoja na kadibodi ya kuzuia stempu zisikunjike ina gramu 20. Fungu likienda peke yake ni gramu 45, posta dola 3. Mafungu matatu yakienda mbalimbali ni dola 9. Lakini yakiwekwa katika bahasha moja ni 75 na 20, yaani gramu 95, ambayo bado yamo katika ngazi ya kwanza. Posta ni dola 3 tu. Dola 6 zimeokoka.

Je, dola hizo 6 ni za nani? Mjomba alisema ni zake. Mimi mwanzo niliona ni za muuzaji, kwa kuwa yeye ndiye aliyefunga mzigo na kwenda posta. Tulipoendelea kupiga hesabu tuliona kwamba sote wawili tulikuwa tumekosa kidogo, na jambo hili ndilo lililonipendeza kuliko mengine yote.

Mnunuzi mwenye akili hafikirii bei peke yake. Hufikiria fedha zote zitakazomtoka. Tuseme Asha aona fungu fulani lina thamani ya dola 10 kwake, na Musa aona lina thamani ya dola 9. Ikiwa muuzaji hutoza posta dola 3 kwa kila fungu, basi Asha ataandika dau la 7 na Musa la 6. Bei itakuwa 6.50. Asha atatoa 6.50 na posta 3, jumla 9.50.

Sasa muuzaji atangaza kwamba mwenye kununua zaidi ya fungu moja atalipa posta moja. Asha na Musa wote wamekwisha kushinda kitu kwake jana, kwa hiyo fungu hili halitawaongezea posta hata senti. Asha ataandika 10, na Musa 9. Bei itakuwa 9.50. Asha atatoa jumla ile ile ya 9.50, wala hakuumia! Lakini zile dola 3 ambazo zingekwenda posta sasa zimeingia mfukoni mwa muuzaji. Na zaidi ya hayo, ada ambayo eBay humtoza muuzaji huhesabiwa juu ya jumla yote pamoja na posta, kwa hiyo kwa jumla hiyo moja ada nayo haikubadilika.

Lakini tugeuze kidogo. Tuseme Asha ndiye peke yake aliyeshinda kitu jana, na Musa ni mgeni. Asha ataandika 10, Musa ataandika 6, maana yeye bado ana posta ya kulipa. Bei ni 6.50, na Asha halipi posta. Safari hii dola 3 zimebaki kwa Asha, na muuzaji amepata vile vile kama mwanzo. Basi mwenye kula faida ya bahasha moja hutegemea kama yule wa pili naye ni mnunuzi wa kurudia. Ndiyo sababu wauzaji hodari hawaweki fungu moja leo na jingine mwezi ujao. Huweka mafungu mengi ya aina moja, yakafungwa siku moja, yakipishana dakika chache, ili watu wengi wawe wamekwisha kushinda kimoja kabla ya kufika cha mwisho.

Yafaa pia kusema kwamba mpango huu haujitendi wenyewe. Katika eBay muuzaji hana budi kuuweka. Aweza kuchagua kutoza posta kamili kwa kitu cha kwanza na nyongeza ndogo kwa kila kinachofuata, au kuiachia kompyuta ijumlishe uzito. Huchagua pia ni kwa siku ngapi atakubali manunuzi ya mtu mmoja yaunganishwe. Naye mnunuzi imempasa angoje asilipe moja moja, aombe jumla, kisha alipe mara moja. Hapo ndipo mjomba alipojikwaa.

Kungoja nako kuna hatari zake. Yupo mnunuzi asemaye, "Niwekee kwanza, nataka kununua zaidi," siku zikapita, naye hanunui wala halipi. Sheria ya eBay ni kwamba mshindi ana siku 4 za kulipa, na zikipita muuzaji aweza kuvunja mauzo. Basi muuzaji akikubali kungoja zaidi aitaje siku ya mwisho kwa maandishi. Tena bahasha moja ikipotea njiani, hupotea vyote vilivyomo. Kwa vitu vya dola 9 si kitu, lakini kwa stempu za thamani mimi ningelipa zaidi ili bahasha iandikishwe, ifuatwe kwa namba yake hadi mwisho.

Wanunuzi wa kurudia si wote wema. Yuko ashindaye mafungu kumi na kutoweka. Muuzaji aweza kumfungia mtu kama huyo asishindane tena kwake, na aweza pia kuweka kipimo cha idadi ya vitu ambavyo mtu mmoja ataruhusiwa kununua au kutia dau kwake katika siku 10. Kuna na ubaya wa upande wa pili. Muuzaji mwovu humtuma ndugu yake aandike madau ya uongo ili kumsukuma mnunuzi wa kweli. Wewe umekwisha kuona kwamba bei huamuliwa na wa pili. Basi wa pili akiwa wa bandia, bei yote ni ya bandia. Jambo hilo limekatazwa. Lakini majina ya washindani hufichwa, huonyeshwa herufi chache na nyota tu, kwa hiyo mnunuzi si rahisi kulitambua. Dawa ni ile ile ya kuandika mwisho wako wa kweli na kukomea hapo.

Sasa kuhusu kuchukua mwenyewe. Vitu vingine havifai posta kabisa, kama kabati, cherehani ya miguu, au kinanda. Muuzaji huandika kwamba mnunuzi aje achukue nyumbani. Posta hapana, lakini washindani hupungua, maana ni nani atasafiri kutoka Scotland kwenda London kwa ajili ya kabati? Kwa hiyo bei huwa ndogo, na mtu akaaye karibu huokota vitu vizuri.

Hatari hapa ni ushahidi. Posta hutoa namba na tarehe. Mlango wa nyumba hautoi kitu. Mtu aweza kulipa mtandaoni, akaja kuchukua kitu, akashukuru, kisha juma la pili akadai kwamba hakupata chochote na fedha zirudishwe. Kwa sababu hiyo eBay humpa mnunuzi aliyelipa namba ya tarakimu 6. Akifika, humpa muuzaji, na muuzaji huiingiza katika simu yake. Hapo huandikwa kwamba kitu kimekabidhiwa. Nani asahau kuuliza namba hiyo? Wengi, naamini, hasa mgeni akiwa mchangamfu na gari linangoja nje. Na mnunuzi aliyelipa posta halafu akaandika kwamba yuko karibu, atapita mwenyewe, ni wa kuangaliwa kwa makini, maana mauzo yake yaliandikwa kuwa ya posta, na ushahidi wa posta hautakuwapo.

Nirudi kwa mjomba. Alimwandikia muuzaji kwa adabu, akaeleza kwamba amepokea bahasha moja na alilipia tatu. Siku ya pili alirudishiwa posta ya mafungu mawili, na maneno machache ya kuomba radhi kwamba hakuiona hesabu ile wakati wa kufunga mzigo. Tangu siku hiyo mjomba hununua kwa mtu huyo karibu kila mwezi, na sasa halipi mpaka ameona ankara.

Kwa wenzangu wapendao hesabu, naacha swali moja. Muuzaji ana mafungu 4 ya sarafu za zamani za Afrika Mashariki, zile zenye tundu katikati. Kila fungu lina gramu 60, na bahasha ina gramu 20. Posta hutoza dola 3 hadi gramu 100, dola 5 hadi gramu 250, na dola 7 hadi gramu 500. Mnunuzi amekwisha kushinda mafungu 3, na fungu la nne lina thamani ya dola 10 kwake. Muuzaji hutoza posta ile tu anayolipa yeye mwenyewe. Je, mnunuzi huyo aandike dau la juu kabisa la kiasi gani?