SOMO LA ROBO HII: Je, Gari Kuukuu la Usharika Liwekewe Pawa Stelingi?

 

Katika matoleo yaliyopita tulijifunza kuhusu utunzaji wa visima na vitabu vya hesabu. Safari hii tunaleta somo linalohusu gari. Wengine watauliza gari lina uhusiano gani na maendeleo. Waulizeni akina mama wa mitaa ya mbali huku Mgololo wakati wa masika, watawajibu.

Lengo la somo

Baada ya kusoma na kujadili, kamati iweze: (a) kutambua kwa nini usukani wa gari la zamani ni mzito, (b) kupima kama pawa stelingi ni hitaji la kweli au la, (c) kuzungumza na wafadhili kwa ukweli kabla fedha hazijatumwa.

Kisa chenyewe

Moja ya sharika zetu za upande wa Mgololo ina Landrover 109 ya aina ya Series III. Magari ya aina hiyo yalitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, na namba 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ni gari lisilo na mapambo. Hubeba dawa za zahanati, mifuko ya saruji, kwaya na wagonjwa. Tangu litoke kiwandani halijawahi kuwa na pawa stelingi.

Anayeijua barabara kutoka Mafinga kushuka Mgololo haitaji maelezo marefu. Kuna kona, kuna ukungu, kuna udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni, na kuna malori ya magogo yanayokwenda kiwanda cha karatasi. Unapokutana na lori la magogo kwenye kona, ni wewe unayesogea pembeni, na ni lazima usogee upesi.

Dereva wa usharika, mzee wetu anayeheshimika, alikuwa amekwisha fika umri wa kustaafu. Bega lake la kulia lilikuwa likimuuma kila arudipo safari. Alinyamaza. Usiku mmoja aliumwa malaria, na wakati huohuo mama mjamzito akaletwa zahanati akiwa na hali mbaya. Muuguzi wetu ana leseni ya udereva. Aliwasha gari, akaweka gia, akashindwa kuligeuza uani. Alijaribu mara tatu huku analia. Mama yule alipelekwa hospitali alfajiri kwa lori la magogo lililokuwa likipanda kwenda Mafinga. Tunamshukuru Mungu kwamba yeye na mtoto walipona. Lakini kamati haikulala vizuri wiki ile.

Jumapili iliyofuata kila mtu alikuwa na neno moja tu: "Tufunge pawa stelingi." Sisi wa ofisi ya miradi tukaandika barua kwa marafiki zetu wa ng'ambo. Wakajibu kwa upendo kwamba watasaidia. Tukawashukuru na kuwaahidi kwamba kazi itaanza mara moja.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulikuwa hatujamuuliza fundi.

Pawa stelingi ni nini?

Kwa kifupi, ni msaada. Pampu inayozungushwa na mkanda wa injini husukuma mafuta maalumu kwa nguvu hadi kwenye stelingi boksi. Dereva akigeuza usukani, vali hufunguka upande anaotaka, na mafuta yanasukuma pamoja naye. Mkono unaelekeza, mafuta yanafanya kazi nzito.

Wazo hili lilianzia kwenye malori. Mhandisi wa Kimarekani Francis W. Davis, aliyefanya kazi katika kampuni ya Pierce-Arrow, aliona taabu ya madereva wa malori makubwa, akabuni mtambo wake katika miaka ya 1920. Gari dogo la kwanza kuuzwa kwa watu likiwa na pawa stelingi lilikuwa Chrysler Imperial ya 1951. Kwa hiyo tusiseme pawa stelingi ni anasa ya mashangingi. Asili yake ni huruma kwa mtu anayebeba mzigo.

Siku hizi ipo pia pawa stelingi ya umeme, ambayo ina mota ndogo kwenye mhimili wa usukani. Haina pampu wala mafuta, ila inakula umeme mwingi wa betri inapofanya kazi, na haipendi maji wala vumbi.

Fundi alituambia nini

Tulimwita fundi makanika wa siku nyingi. Hakugusa usukani kwanza. Alipiga jeki gari mbele, akaweka magogo imara chini ya ekseli, magurudumu yote mawili yakawa hewani, ndipo akamwambia muuguzi: "Mama, zungusha."

Muuguzi akazungusha. Ulikuwa bado mzito.

Fundi akasema, "Mnaona? Tairi haligusi ardhi na bado ni mzito. Hili gari haliumwi mkono, linaumwa goti."

Alifungua viungo kimoja kimoja ili kujua uzito unatoka wapi. Wana kamati tulisimama tukitazama, na haya ndiyo tuliyojifunza:

1. *Rilei ya stelingi.* Series III ina kifaa cha chuma kilichosimama ndani ya chasisi nyuma ya bampa, kinachopokea nguvu kutoka stelingi boksi na kuipeleka kwenye magurudumu. Kinatakiwa kuwa na oili ndani. Cha kwetu kilikuwa kikavu kabisa, na hakuna aliyekumbuka lini kilitiwa oili mara ya mwisho. Tahadhari: ndani yake kuna springi yenye nguvu iliyobanwa. Asiyejua asikifungue, inaweza kuruka na kumjeruhi mtu.

2. *Kingpini.* Juu kulikuwa na bushi, chini beringi. Zote zilikuwa zimeliwa na kutu kwa sababu sili zilipasuka na maji ya madimbwi yakaingia.

3. *Vichwa vya tairodi.* Viwili vilikuwa vimelegea, vingine vimekaza. Kwa hiyo usukani ulikuwa mzito na papo hapo una mchezo, magonjwa mawili kwa mgonjwa mmoja.

4. *Matairi.* Miaka iliyopita tulipewa matairi mapana ya msaada, tukafurahi. Tairi pana hushika ardhi sehemu kubwa zaidi, na usukani unakuwa mzito, hasa gari likiwa limesimama. Juu ya hayo, upepo wa mbele ulikuwa chini ya kiwango cha kitabu cha gari.

Tulitazamana. Gari lilikuwa likilia miaka mingi, sisi tukasema ni uzee. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tulikuwa tumekwisha agiza matofali ya ukuta kutoka Ulaya.

Kwa nini tusingefunga tu pawa stelingi yaishe?

Mzee mmoja wa kanisa aliuliza hivyo, na swali lake ni zuri. Fundi alimjibu kwa mambo manne.

Kwanza, pawa stelingi haiponyi kiungo kibovu. Inakificha. Mkono wa dereva hausikii tena kukaza, lakini mafuta yanaendelea kusukuma kwa nguvu kubwa zaidi kwenye kiungo kilekile, mpaka siku kinakatika. Kikikatika kwenye mteremko, hakuna usukani tena, wenye pawa wala usio na pawa.

Pili, Series III haikuandaliwa mahali pa kukaa boksi ya pawa. Wapo watu Ulaya wanaotengeneza seti maalumu za kufunga. Wengine huchukua boksi ya Range Rover au Defender, wakakata na kuchomelea chasisi mbele. Chasisi yetu ilikuwa na kutu sehemu hiyohiyo. Kufunga boksi yenye nguvu kwenye chuma kilichooza ni kupigilia msumari kwenye ubao ulioliwa na mchwa.

Tatu, vipuri. Mkanda, sili na mipira ya mafuta vikiharibika, tutavipata wapi? Boksi ya kawaida fundi wa Mafinga anaijua. Seti ya kuagiza ikipasuka sili, gari litasimama likisubiri kifurushi.

Nne, tabia ya madereva. Hapa tuseme ukweli. Wapo wanaozima injini kwenye mteremko ili kuokoa dizeli. Gari la pawa stelingi likizimwa injini, pampu inasimama na msaada unakwisha palepale. Usukani bado unageuka, lakini unakuwa mzito ghafla, tena katikati ya kona. Hata bila pawa stelingi tabia hiyo ni ya hatari, maana breki zenye kisaidizi nazo hupoteza msaada. Kamati ipige marufuku jambo hili leo, isisubiri mradi wowote.

Tulichofanya

Tuliwaandikia marafiki zetu barua ya pili. Haikuwa rahisi. Tulieleza kwamba tuliomba kabla ya kuchunguza, tukataja tulichokiona, tukaomba ruhusa ya kubadilisha matumizi. Hatukugusa senti mpaka jibu lilipofika kwa maandishi. Walijibu kwamba wanatuamini zaidi sasa kuliko mwanzo.

Kwa fedha hizo tulitengeneza rilei, kingpini na vichwa vya tairodi; tulichomelea chasisi; tulirudisha matairi membamba ya saizi ya asili; na tulifunga shokapu ya stelingi, ambayo hupunguza kishindo cha mashimo kinachopiga usukani. Gharama yote haikufika nusu ya ile ya seti pamoja na usafirishaji na ushuru. Zilizobaki zipo benki, na mama mweka hazina anazo nyaraka zake.

Kisha tukapima upya. Muuguzi aliligeuza gari uani lilipokuwa likitembea pole pole. Fundi alimfundisha mambo mawili: usigeuze usukani gari likiwa limesimama kabisa, acha magurudumu yazunguke kidogo kwanza, na kwenye mashimo usishike kwa kuzungushia vidole gumba ndani ya usukani, maana ukirudi kwa kishindo unaweza kuvivunja.

Hatutaki kuwadanganya. Gari likiwa limejaa saruji na lipo kwenye tope, bado ni kazi ya mtu mwenye nguvu. Na bega la mzee wetu halikupona kwa oili. Daktari alimkataza safari ndefu. Kamati ilimshukuru kwa ibada, ikampa kazi ya kufundisha madereva wawili vijana, na muuguzi akawa wa tatu kwa dharura za usiku. Somo lingine ndilo hilo: tulikuwa tukitafuta dawa ya gari wakati mtu mmoja alikuwa akibeba peke yake mzigo wa watatu. Alipoulizwa kwa nini hakusema, mzee alijibu, "Ningesema, mngeliuza gari."

Je, ni lini inafaa kufunga?

Hatusemi pawa stelingi ni mbaya. Usharika wenye lori la tani kadhaa linalobeba mbao au mahindi kila siku una sababu nzuri, maana uzito wa mbele ni mkubwa na dereva anageuza usukani siku nzima. Kamati ifunge iwapo majibu ya maswali yote haya ni "ndiyo":

- Je, viungo vyote vimekaguliwa na kutengenezwa, na bado usukani ni mzito?
- Je, chasisi ni nzima mahali pa kufunga boksi na pampu?
- Je, vipuri vinapatikana hapa nchini, na yupo fundi anayejua kazi hiyo?
- Je, gari hutumika vya kutosha kiasi cha kustahili gharama?
- Je, kampuni ya bima imeelezwa kuhusu mabadiliko hayo?
- Je, bajeti ina fungu la matunzo ya kila mwaka, si la kununulia tu?

Jibu moja likiwa "hapana", subirini. Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara (Luka 14). Hakulaumu kujenga. Alisisitiza kuhesabu kwanza.

Neno kwa wafadhili wetu

Mara nyingi ni rahisi kwetu kuomba kitu kipya kinachoonekana kwenye picha. Oili ya rilei haipigwi picha. Tunawaomba mtuulize bila kuogopa: "Je, mmemwita fundi? Amesema nini?" Swali hilo halituvunjii heshima. Linatusaidia kuwa mawakili waaminifu.

Maswali ya kujadili kwenye kamati

1. Ni kifaa gani cha usharika wetu tunachosema "kimezeeka", lakini hakijawahi kukaguliwa?
2. Dereva, mpishi au mlinzi wetu ana maumivu gani ambayo hatujamuuliza?
3. Dharura ikitokea usiku wa leo, ni watu wangapi wanaoweza kuendesha gari letu? Je, wamo wanawake?
4. Je, tumewahi kumwahidi mfadhili jambo ambalo hatukulichunguza? Tutalirekebishaje?
5. Nani atatia oili kwenye rilei mwezi ujao, na ataandika wapi kwamba ameitia?

Swali la tano lisiachwe bila jina la mtu. Sisi tuliliacha bila jina kwa miaka mingi, na mama mmoja akasubiri mpaka alfajiri.

Mungu awabariki katika kazi zenu. Tukutane toleo lijalo.