Moto au Baridi: Namna ya Kuonja Bia Ukambani

Ukiketi katika baa ya Kitui mjini, Mwingi, Wote au Emali na kuagiza bia, mhudumu atakuuliza kwanza: moto au baridi? Wengi hujibu kwa mazoea. Mzee husema moto kwa sababu ndivyo alivyoanza, na kijana husema baridi kwa sababu jua limemchoma tangu asubuhi. Anayetaka kuijua bia yake ajibu kwa makusudi, maana jibu hilo ndilo litakaloamua ulimi wake utasikia nini.

Baridi kali huutia ulimi ganzi. Bia iliyotoka kwenye friji ikikaribia kuganda haionyeshi lolote ila gesi na ubaridi wenyewe. Utamu wa kimea hujificha, harufu ya hopi, yale maua yanayoipa bia uchungu, haipandi, na bia mbovu hupita kooni ikidhaniwa nzuri. Bia ya moto, yaani iliyoshinda kwenye kreti katika chumba chenye nyuzi 28 au 30, ina tatizo la upande wa pili: povu hufurika, gesi huisha upesi, na kileo huifikia pua kabla ya kitu kingine chochote. Kwa laga, nyuzi 6 hadi 8 zinafaa. Kwa bia nyeusi, 10 hadi 13. Huhitaji kipimajoto. Agiza baridi, mimina nusu gilasi, uiache mezani huku mkizungumza. Kuanzia Makindu kushuka hadi Mtito Andei, dakika tano zinatosha. Huko juu Mbooni, kwenye vilima, ngoja zaidi. Njia nzuri ya kujifunza ni kuagiza chupa mbili za aina moja, moja moto na nyingine baridi, mkazigawana kwa gilasi ndogo na kuonja kwa kupokezana. Utashangaa kwamba zimetoka katika kiwanda kimoja.

Gilasi yenyewe iangalie kabla ya kumimina. Ishike kwenye mwanga: alama za vidole, ukungu wa sabuni au mafuta vyote huharibu povu, na povu ndilo linalobeba harufu. Gilasi ikiwa safi, povu huacha mistari ubavuni kadiri unavyokunywa. Ikiwa chafu, povu hufa mara moja na viputo vya gesi hung'ang'ania kwenye kuta za gilasi. Omba maji, uisuuze mwenyewe, hakuna aibu. Kisha iinamishe, mimina taratibu hadi nusu, uisimamishe na kumalizia katikati ili upate povu la upana wa vidole viwili. Wapo wanaojisifu kwa kumimina bia isiyo na povu hata kidogo, na hao ndio wanaoikosa harufu.

Kuna jambo ambalo watu wa kwetu hulipuuza: tunaonja tukiwa tumeshakula. Mbuzi choma ameshapita, midomo imejaa mafuta, ulimi umewashwa na pilipili ya kachumbari. Mafuta ya midomoni huua povu mara tu yanapoligusa, na pilipili huuficha uchungu wa hopi. Kwa hiyo onja kwanza, nyama ije baadaye. Kama nyama imetangulia, futa midomo, tafuna kipande cha ugali mkavu, kunywa maji, subiri kidogo.

Sasa nusa. Nusa mara mbili, kwa pumzi fupi, mdomo ukiwa umefumbwa, kisha piga funda la kutosha kuufunika ulimi wote, lizungushe, na ulimeze. Hapa bia inatofautiana na divai, ambayo waonjaji wake huitema. Uchungu wa bia huendelea kusikika baada ya kumeza, na pumzi unayoitoa kwa pua baada ya hapo hukurudishia harufu uliyoikosa mwanzo. Anayeonja kwa ncha ya ulimi anaonja nusu tu. Na kwa kuwa ni lazima kumeza, kiasi kiwe kidogo: chupa moja ya mililita 500 inawatosha watu wanne.

Anzeni na nyepesi mwende kwenye nzito. Mimi hutanguliza White Cap, kwa sababu ni kavu na safi, haiachi utamu mwingi, na uchungu wake ni mfupi. Tusker ya kawaida hufuata: harufu ya ganda la mkate, utamu mdogo katikati, na mwisho usiokawia. Pilsner ina makali zaidi ya uchungu, na wanaoipenda huipenda kwa hilo. Tusker Malt imetengenezwa kwa kimea kitupu, na tofauti inasikika katika uzito wake mdomoni na harufu yenye kuelekea biskuti na asali. Guinness iwe ya mwisho daima. Inayouzwa Kenya ina asilimia 6.5 ya kileo, na weusi wake unatokana na shayiri iliyokaangwa mpaka ikafanana na buni. Ndani yake kuna kahawa, chokoleti chungu, na uchachu ambao wengi hawautambui kwa sababu wanaizuia pumzi wanapoinywa. Ukiitanguliza Guinness, White Cap itakayofuata itakuwa maji.

Ila chunga usiihukumu bia kwa kosa la aliyeitunza. Kreti zinazoachwa nje mbele ya duka, jua likizipiga, hutoa bia yenye mvundo, kwa sababu mwanga hubomoa sehemu za hopi. Chupa ya kahawia hukinga, chupa ya kijani hukinga kidogo sana. Bia iliyokaa muda mrefu kwenye joto hunuka katoni iliyolowa maji. Soma tarehe kwenye chupa, na ukikutana na dalili hizo, badilisha duka kabla ya kubadilisha bia.

Yote hayo ni bia za shayiri, na shayiri si zao letu. Inapenda baridi ya Narok, Molo na Timau. Zao letu katika biashara hii ni mtama, au muvya kama tunavyouita kwa Kikamba, na bia iliyoubeba ni Senator Keg. Ilianza kuuzwa mwaka 2004 ikiwa na msamaha wa ushuru, kusudi mtu wa kipato kidogo apate kinywaji salama badala ya pombe haramu, na baadaye mtama ukawa nafaka yake kuu. Wakulima wa Kitui na Makueni wakahimizwa kupanda Gadam, mtama mfupi, mweupe, unaokomaa upesi na kuvumilia mvua haba.

Tanini ndiyo inayouunganisha ulimi na shamba. Mitama mingi ya zamani, yenye punje nyekundu au za kahawia, ina tanini nyingi, ile inayoukausha na kuukunja mdomo ukitafuna ndizi mbichi. Ukakasi huo huwafukuza ndege. Gadam ina tanini kidogo, ndiyo maana kiwanda kinaipenda, na ndiyo maana ndege wa kwelea-kwelea nao wanaipenda. Kila ulaini unaousikia kwenye kikombe cha keg umelipiwa na mtu wa Kyuso au Kathonzweni aliyekuwa shambani kabla jua halijachomoza, akipiga debe na kurusha mawe hadi magharibi. Serikali ilipopunguza msamaha wa ushuru mwaka 2013, bei ya kikombe ilipanda, mauzo yakaporomoka, na wakulima waliokuwa wamelima kwa ajili ya bia hiyo wakakosa soko walilolitegemea. Sioni namna ya kuionja bia hii nikiwa nimeyasahau hayo.

Namna ya kuionja ni hii. Usiitafute shayiri ndani yake. Katika viwanda vikubwa mtama hutumiwa mara nyingi bila kuoteshwa kuwa kimea, na vimeng'enya huongezwa ili kuuvunja wanga uwe sukari. Kwa hiyo ile harufu ya mkate ni hafifu, na mwili wa bia ni mwepesi. Utakachopata ni utamu mwembamba wa nafaka, kitu cha uji uliopoa, na mwisho mkavu wenye uchungu mdogo sana. Iombe kwenye gilasi ya kioo, kwa maana kikombe cha plastiki hushika harufu za jana na kuzichanganya na za leo.

Halafu uliza swali ambalo wanywaji wa keg hawaulizi vya kutosha: dramu hii imefunguliwa lini? Dramu iliyofunguliwa leo au jana ni sawa. Ikikaa siku nyingi huku hewa ikiingia, bia hupooza na kugeuka. Harufu ya siki, au ile ya siagi iliyochacha, mara nyingi haitoki kiwandani. Hutoka kwenye mirija na bomba lisilooshwa. Bia ya mtama haina uchungu mkali wa kuficha uchafu, kwa hiyo baa chafu hujulikana kwa keg kabla ya kujulikana kwa kitu kingine. Anayeidharau keg kwa kuwa ni rahisi, nadhani ameionja mahali pabaya, na hukumu yake ingepaswa kumwendea mwenye baa.

Nyuma ya bia zote hizi kuna uki. Wazazi wetu waliutengeneza kwa miwa na kwa asali, na wa asali ndio ulioheshimiwa kuliko wote: uliletwa kwenye mazungumzo ya mahari, kwenye vikao vya wazee, na ulimwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia. Kinachouchachusha ni tunda la kiatine, lile refu linaloning'inia kwenye mti ambao Waswahili huuita mwegea. Tunda hukatwa, huchemshwa na kukaushwa, na nyuzi zake huhifadhi hamira kutoka pishi moja hadi jingine. Nchi yetu ina asali tele, hasa huko Mwingi, kwa hiyo uki mzuri si hadithi ya kale.

Ukikaribishwa uki kwenye shughuli ya ukoo, mzee hutangulia kupewa. Wewe pokea kwa mikono miwili na usinuse kwa mbwembwe mbele yake. Uonje polepole. Ukiwa mchanga, una utamu wa asali mbele na gesi inayochezacheza. Ukikomaa, utamu umekwisha, umebaki ukavu, uchachu unaochangamsha mashavu, na ukakasi kidogo wa kiatine mwishoni. Kwangu mimi uliokomaa ndio bora, ila uwe haujapita kuelekea siki. Na ujue kwamba tangu Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, anayetengeneza pombe ya kienyeji ili aiuze anahitaji leseni sawa na kiwanda.

Hapa lazima niseme wazi mahali uwezo wa ulimi unapokoma. Mwezi Mei 2014, makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, Kitui na Makueni zikiwemo, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Wengine walipofuka. Methanoli haionjeki. Ladha na harufu yake hukaribiana sana na za kileo cha kawaida, na hakuna mwonjaji duniani anayeweza kuitambua ikiwa imechanganywa ndani ya kinywaji. Kwa hiyo usionje kamwe ili kujua kama pombe ni salama. Chupa iwe na kizibo kisichoguswa na stempu ya ushuru, ambayo unaweza kuikagua kwa simu kupitia programu ya KRA iitwayo Soma Label. Isiyo na chanzo unachokijua, iache mezani. Ukiona mtu analalamika kwamba macho yanaingia ukungu baada ya kunywa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usingoje alale kwanza.

Suala la gari ni fupi: anayeendesha haonji. Polisi wenye kipimapombe cha alcoblow wapo kwenye barabara ya Mombasa, lakini hata wasingekuwepo, malori ya usiku kati ya Sultan Hamud na Kibwezi yanatosha kuwa sababu.

Baada ya kujifunza kunusa na kumeza, jipimeni. Watu wengi huapa kwamba wanaitambua bia yao popote, na chupa zikifichwa hawaitambui. Mtu mmoja aende nyuma ya kaunta, ajaze gilasi tatu ndogo: mbili za bia moja, ya tatu ya bia nyingine, zote zikiwa na ubaridi sawa. Mnaoonja mtafute ile iliyo tofauti, kila mtu akiandika jibu lake kimya kimya, kwa sababu mwenye sauti kubwa huwapotosha wengine wote. Kubahatisha tu kunaweza kukupa jibu sahihi mara moja kati ya tatu, kwa hiyo rudieni mkibadilisha mpangilio. Andika pia ulichosikia, kwa maneno ya nyumbani: uji, ganda la mkate, buni, ndizi mbichi, siki. Neno "nzuri" lisiandikwe, halimsaidii mtu kukumbuka kitu.

Anzeni na jozi rahisi, ila isiwe rahisi mno: Tusker na Guinness hata mtoto wa shule angezitofautisha kwa macho, kwa hiyo ziacheni. Anzeni na Tusker na Tusker Malt. Kisha Tusker na White Cap, ambapo wengi huanguka. Mkishazoea, chukueni keg ya baa mbili tofauti za mji mmoja, zote za dramu iliyofunguliwa siku hiyo, mzipitishe kwenye gilasi tatu zile zile. Bia ni ile ile kutoka kiwandani, kwa hiyo tofauti yoyote mtakayoisikia ni ya mirija, na mtajua ni baa ipi ya kurudi.