Rihani, Mchunga na Mwarubaini: Majina ya Mimea ya Uani na Kazi Zake katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Mwanafunzi anayetafuta neno mrihani katika kamusi aghalabu huambiwa kwamba ni mmea mdogo wenye majani yanayonukia. Maelezo hayo si ya uongo. Hata hivyo, yanafaa vilevile kwa mnanaa, kwa mchaichai na kwa kivumbasi, na hayamsaidii mtu kuingia katika ua wa nyumba ya Malindi na kuchuma jani analolitaka. Makala haya yanashikilia kwamba katika Kiswahili cha pwani jina la mmea wa nyumbani halitenganishiki na kazi yake jikoni, mwilini na katika ususi. Anayekusanya majina pasipo kazi hukusanya nusu ya msamiati, na katika mfano mmoja utakaojadiliwa hapa chini, nusu hiyo ina hatari.

Umbo la jina

Ngeli za nomino zenyewe zinaonyesha kazi. Mmea unaosimama ardhini huchukua kiambishi m-/mi-: mrihani, mhina, mkwaju, mkindu. Kinachochumwa hubadili umbo kulingana na kinavyotumika. Mrihani hutoa rihani, mhina hutoa hina, na mbirimbi hutoa birimbi, ambazo huingia katika achari. Mkwaju hutoa ukwaju, na mkindu hutoa ukindu. Kiambishi u- katika mifano hii miwili kinadokeza kitu ambacho bado ni mali ghafi: ukwaju wa kuloweka na kukamua, ukindu wa kuchana na kusuka ukili, kisha ukili ukashonwa kuwa mkeka. Si kila mmea unaofuata utaratibu huu. Mkoma, ambao umetapakaa sana Malindi na Magarini, tunda lake ni koma lakini majani yake ya kusukia mikeka na vikapu huitwa miyaa, neno lisilo na uhusiano wa umbo na jina la mti. Lugha imeyapa majani hayo jina la peke yake kwa sababu yana kazi ya peke yake.

Mchaichai nao una mantiki yake. Uradidi wa neno chai haumaanishi wingi bali mfanano: ni kitu kilicho kama chai, kinachochemshwa pamoja na majani ya chai au badala yake.

Jikoni

Ikumbukwe kwamba si kila kinachonukia katika sufuria ya pwani kilitoka uani. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, zawadi alizopelekewa na mtawala wa mji zilikuwa pamoja na kondoo, karafuu, bizari nyembamba, tangawizi, kungumanga na pilipili. Vingi katika hivyo vilikuwa bidhaa za bahari, na baadhi ya majina bado yanataja upande vilikotoka: kungumanga na pilipili manga vyote vinabeba jina la Manga, yaani Uarabuni. Hivi ndivyo viungo, nomino iliyotokana na kitenzi unga, kwani mchuzi "huungwa". Mimea ya uani haikuandikiwa historia ya namna hiyo. Haikupimwa kwa mizani wala kutozwa ushuru, na kwa hiyo haikuingia katika daftari za wageni.

Mfano ulio bora ni mchunga. Huu ni mmea wa majani machungu unaoota wenyewe mashambani na kando ya nyumba, na Wagiriama huuita mtsunga. Tofauti ya sauti hapa si ya bahati. Pale Kiswahili sanifu kinapotumia ch, lugha za Mijikenda mara nyingi zina ts: chini ni tsini, nchi ni tsi, na machozi ni matsozi (Kimvita nacho husema matozi). Anayesoma isimu linganishi anaweza kulianza somo lake kwenye kapu la mboga. Mtsunga huchemshwa, aghalabu ukachanganywa na majani mengine, kisha ukaungwa kwa tui la nazi ili uchungu upungue bila kwisha. Mpishi anayeuondoa uchungu wote ameharibu mboga. Huliwa kwa wari, neno ambalo kwa Mgiriama ni sima, ilhali kwa Mswahili wali ni mchele uliopikwa. Wageni kadhaa wameagiza kimoja wakaletewa kingine.

Rihani, kwa upande wake, ina jambo la kustaajabisha. Katika nyumba nyingi za Waswahili mmea huu hupandwa lakini hauliwi. Ni wa kunukia tu. Malindi hiyohiyo ina jamii kubwa ya Waitaliano, waliozidi kuongezeka tangu miaka ya 1960 pale kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco kilipojengwa Ngomeni, na katika mikahawa yao jani la jamii hiyohiyo husagwa likatiwa katika tambi. Mmea ni mmoja, mji ni mmoja, na bado jani lina kazi mbili zisizokutana.

Mwilini na nguoni

Kazi ya rihani miongoni mwa wanawake wa pwani ni kikuba. Hiki ni kishada kidogo kinachofungwa kwa uzi, chenye rihani, asumini, mawaridi na vipande vya ua la mkadi, ambacho huvaliwa nywelini au kubanwa kwenye nguo, hasa siku za harusi. Je, kikuba ni pambo, manukato au kazi ya mkono? Ni vyote vitatu, na hapo ndipo kamusi inaposhindwa kukiainisha. Rihani hiyohiyo iliyokauka hutiwa katika singo ya kumsugulia bibi harusi mwili, na huwekwa baina ya nguo sandukuni.

Neno lenyewe latokana na Kiarabu, na matamshi yake yanahitaji uangalifu. Wanaoandika mrehani na rehani hugonganisha jina la mmea na rehani ya mkopeshaji, ambayo nayo ni neno la Kiarabu lakini lenye asili tofauti kabisa. Kwa sababu hiyo umbo rihani linafaa zaidi katika maandishi.

Nyungu nayo ni neno lililohama. Kiasili ni chungu cha udongo cha kupikia. Mgonjwa wa homa au mafua anapofunikwa blanketi akavuta mvuke wa majani yaliyochemshwa, husemwa kwamba anapigwa nyungu. Chombo cha jikoni kimekuwa jina la tiba.

Mwarubaini kamili na mwarubaini nusu

Mwarubaini ulitoka Bara Hindi. Jina lake latokana na imani kwamba unatibu maradhi arubaini, na pwani huitwa pia mkilifi. Vijiti vyake hutumiwa kupigia mswaki, majani hutiwa katika maji ya kumwogeshea mtoto mwenye vipele, na makavu huchomwa jioni kufukuza mbu.

Kuna mti mwingine wa ukoo huohuo ambao wataalamu wa mimea huuita Melia azedarach. Matunda yake ni sumu kwa binadamu, ingawa ndege huyala mbele ya macho ya watoto. Wasemaji wa Kiswahili nchini Kenya wameutofautisha kwa kivumishi tu: wa kwanza ni mwarubaini kamili, wa pili ni mwarubaini nusu. Kivumishi hicho kinabeba maarifa mengi. Jani la mwarubaini kamili limegawanyika mara moja, na vijani vyake vimepinda na vina meno pembeni. Jani la mwarubaini nusu limegawanyika mara mbili. Maua ya kamili ni meupe, ya nusu yana zambarau iliyopauka. Tunda la kamili ni refu kidogo. La nusu ni la mviringo, na hubaki likining'inia hata majani yakipukutika.

Taaluma ya kamusi inawajibika hapa. Johann Ludwig Krapf, aliyeanzisha misheni Rabai mwaka 1846 na ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, aliishi katikati ya mimea ya eneo hili. Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka mwaka 1939, alikuwa pia mkusanyaji wa mimea, na alikuwa na desturi ya kutoa jina la Kilatini pamoja na la Kiswahili. Desturi hiyo ya Sacleux yafaa kurudishwa, ikiongezewa kile ambacho Kilatini hakina: sehemu inayochumwa, namna inavyotayarishwa, na anayeitumia. Kidahizo mwarubaini kisichofuatwa na kamili na nusu kinamwacha msomaji chini ya mti asiweze kujua ni upi kati ya miwili amesimama chini yake.