Albamu za Filamu za Beyoncé: Tuzipime kwa Mizani Gani?

Katika matatu za kutoka Ruiru kuja hapa Thika, muziki huchezwa kwa kishindo, nao abiria hutoa hukumu kabla wimbo haujafika katikati. "Hiyo ni moto!" husema mmoja. "Wee, toa hiyo!" hujibu mwingine. Sisi wanachama wa Kiswahili yatupasa kuhukumu kwa sababu. Lengo la makala haya ni kuonyesha jinsi ya kuipima albamu ya nyimbo za filamu. Nimemchagua Beyoncé wa Marekani, kwa kuwa albamu zake za aina hii hazilingani kwa ubora.

Mizani yangu ina maswali matatu. Kwanza, je, wimbo unaisukuma hadithi? Pili, je, sauti inamfaa mhusika? Tatu, je, albamu ni kitu kimoja, ama ni mseto tu?

Tuanze na Dreamgirls ya mwaka 2006. Humo Beyoncé aliigiza Deena Jones, mwimbaji anayetawaliwa na mumewe. Wimbo "Listen" ulitungwa mahususi kwa filamu hiyo, na ndipo Deena anapodai kusikilizwa. Ukiutoa, hadithi inapwaya. Hata hivyo, kusema kweli, anayetia fora humo ni Jennifer Hudson, ambaye alishinda Oscar ya uigizaji mwaka 2007. Albamu hii inapita maswali yote matatu.

Ya pili ni Cadillac Records ya mwaka 2008, inayosimulia habari za kampuni ya muziki ya Chess kule Chicago. Beyoncé aliigiza Etta James, na kwa wimbo "At Last" alipata tuzo ya Grammy mwaka 2010. Kwa swali la pili, hongera! Lakini baada ya nyimbo za enzi zile unakutana na Mary Mary na Nas wakiimba kisasa. Nyimbo zenyewe si mbaya, ila unatolewa Chicago ya zamani ghafla, kama abiria aliyeshushwa kabla ya stendi yake. Swali la tatu limewashinda.

Sasa tufike kwa ile inayotuhusu hasa: The Lion King: The Gift, iliyotolewa Julai 2019. "Brown Skin Girl" na "Already" ni tamu mno, lakini hazimhitaji Simba hata kidogo. Ndiyo maana mazungumzo ya filamu yamepachikwa kati ya nyimbo, yawe gundi ya kuziunganisha.

Halafu kuna suala la lugha. Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi na Sarabi ni maneno ya Kiswahili. Watengenezaji wa filamu walizuru Kenya kutazama mandhari. Hata wimbo "Spirit" unaanza kwa Kiswahili cha kumtakia mfalme maisha marefu. Basi, walioalikwa kuimba ni akina nani? Wizkid, Burna Boy na Yemi Alade wa Nigeria, Shatta Wale wa Ghana, Busiswa wa Afrika Kusini, Salatiel wa Kameruni. Afrika Mashariki, hakuna hata mmoja!

Najua wako watakaosema, "Wacha wivu, hana deni kwetu." Ni kweli, hana deni. Lakini yeye mwenyewe aliiita albamu hiyo barua ya mapenzi kwa Afrika. Barua ikiazima maneno ya watu, na sauti zao zisisikike ndani yake, mapenzi hayo yana pengo. Tusisahau kwamba "hakuna matata" ilivuma katika "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms wa Kenya mwaka 1982, miaka 12 kabla ya filamu ya kwanza ya The Lion King. Sauti zilikuwepo. Hazikuitwa.

Ndugu msomaji, kulalamika pekee hakutatusaidia. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Tukiwasikiliza na kuwanunua waimbaji wetu sisi wenyewe, hata mgeni atajua pa kubisha hodi.

ZOEZI: Itazame filamu ya Kenya, Nairobi Half Life (2012). Chagua wimbo mmoja uliomo, uupime kwa maswali mawili ya kwanza, kisha ulete majibu yako kwenye mkutano wa chama. Tutabishana!