SOMO LA SOKO: Kwa nini mgawo wa kahawa ulivunjika

Kahawa ikizidi sokoni bei hushuka, na kila nchi inayouza inalijua hilo. Tatizo ni kwamba nchi zikikubaliana kupunguza mauzo, inayofaidi zaidi ni ile inayowaacha wenzake wapunguze huku yenyewe ikiuza kama kawaida.

Mwaka 1980 Robert Axelrod wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alitoa matokeo ya shindano la kompyuta kuhusu mtego wa aina hii. Programu 14 zilipambanishwa mbili mbili, mizunguko 200. Zikishirikiana, kila moja ilipata pointi 3; zikisalitiana, pointi 1. Iliyomsaliti mwenzake mwaminifu ilichukua 5, na mwaminifu akatoka patupu. Mshindi ilikuwa programu ya Anatol Rapoport, fupi kuliko zote: anza kwa kushirikiana, kisha mtendee mwenzako kama alivyokutendea mzunguko uliopita. Haikumzidi pointi mpinzani yeyote ana kwa ana, lakini kwa jumla iliwapita wote.

Dawa hiyo, hata hivyo, ni ya wawili. Penye wauzaji makumi, nchi moja ikikiuka mgawo wenzake hawawezi kuiadhibu peke yake. Wakimwaga kahawa yao sokoni, bei inawaangukia wote, waaminifu wakiwemo.

Ndiyo maana Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa 1962 uliwategemea wanunuzi. Forodha za nchi wanachama, Marekani ikiwa mnunuzi mkubwa kuliko wote, zilidai cheti cha asili ya kahawa, na shehena iliyozidi mgawo ilikwama mlangoni. Ziada ikauzwa kwa bei ya chini kwa nchi zisizo wanachama, jambo lililowaudhi wanunuzi waliokuwa wakilipa bei kamili. Julai 1989 mgawo ulisimamishwa. Maghala yakafunguliwa. Bei ya wastani, iliyokuwa senti 116 hivi za dola kwa ratili mwaka 1988, ilifikia senti 53 mwaka 1992, na hasara ikamfuata mkulima wa Kilimanjaro, Bukoba na Kiambu, ambaye hakuwa na sauti katika mikutano ya London.

Mwaka 2000 wazalishaji walijaribu tena bila wanunuzi, wakikubaliana kuzuia asilimia 20 ya mauzo ya nje. Safari hii hapakuwa na mlinzi mlangoni. Mpango uliachwa mwaka uliofuata.