MCHE MKONONI: VIJANA WETU NA AMANA YA ARDHI

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu wa Butembo na Beni:

Darasa la Ijumaa hii linawahusu watoto wetu ambao wamebalehe lakini bado wako shuleni. Wapo wanaokusanyika kuzibua mitaro, kuokota masashe ya plastiki kando ya mto Kimemi, kupanda miti kwenye miteremko, na kuwauliza wakubwa kwa nini takataka zinamwagwa mtoni. Wakirudi nyumbani wanapokelewa na neno moja: "Watu wanauawa, na nyinyi mnaleta habari za miti?"

Neno hilo si la kudharau. Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limezika watu wengi waliochinjwa vijijini na mashambani. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na miji yetu miwili ilikuwa katikati ya msiba huo. Mzazi anayesema hivyo anasema kwa uchungu. Basi tumjibu kwa mafundisho ya dini.

1. JIBU LA MTUME (S.A.W.)

Katika Musnad ya Imam Ahmad, Anas bin Malik (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa Kiyama kikimkuta mmoja wetu ana mche mkononi, naye akaweza kuupanda kabla ya kusimama, basi na aupande.

Tuzingatie. Hakuna vita wala maradhi yanayofikia Kiyama kwa ukubwa. Mche ule hautazaa, wala hapana atakayekaa kivulini mwake. Hata hivyo mwenye nao hakuambiwa autupe. Msiba haumwondolei Muislamu wajibu wa kutengeneza.

Bukhari na Muslim nao wamepokea kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi kijana anayepanda mti Beni hajawasahau marehemu. Anawatolea sadaka walio hai.

Tena vita na ardhi havikutengana. Watu wakikimbia vijiji hujaa mjini. Mji ukijaa, makala na mbao zinahitajika zaidi, vilima vinabaki uchi, na mvua ikinyesha udongo unashuka juu ya nyumba za maskini.

2. MFANO WA MERIKEBU

Nu'man bin Bashir (R.A.) amepokea, katika Bukhari, mfano wa watu waliopiga kura ndani ya merikebu, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini walipotaka maji ilibidi wapite kwa wa juu. Wakaona bora watoboe tundu upande wao, wasiwasumbue wenzao. Mtume (S.A.W.) akaeleza kwamba wakiachwa, wote wataangamia, na wakishikwa mikono, wote wataokoka.

Hapa mna mafunzo mawili. La kwanza: nia njema haizuii merikebu kuzama. Anayetupa sashe mtaroni hakukusudia mafuriko, lakini maji yakiziba yataingia nyumba zote. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa amri ya Desemba 2017, lakini amri peke yake haisafishi mtaro.

La pili: wale wa chini walikuwa na kiu. Mchoma makala naye ana watoto wanaotaka kula. Tukimshika mkono asikate miti, tumpe na njia ya kupata maji: shamba lake la miti ya kuni, mbabula inayotumia makala machache, kazi nyingine ya halali.

3. UJANA SI KIZUIZI

Qur'an inatueleza kwamba Ibrahim (A.S.) alipoyavunja masanamu, watu wake walimtaja kuwa ni kijana (Al-Anbiya, 60). Watu wa Pangoni nao walikuwa vijana (Al-Kahf, 13).

Kwetu hapa, Aprili 2021 wanafunzi wa Beni walikaa siku kadhaa penye meri wakidai amani. Ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, nchini Uganda, binti Leah Namugerwa alipotimiza miaka 15, mwaka 2019, aliacha karamu akapanda miti 200.

Wakubwa nao wana mfano. Kampuni ya mafuta ya Uingereza, SOCO, ilipata kibali mwaka 2010 cha kutafuta mafuta katika Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Wavuvi wa Ziwa Edward na watetezi wengine walipinga, na mwaka 2014 kampuni ikakubali kuondoka. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na inamwajibisha kuyatetea. Haikuweka umri.

4. ADABU NA MIPAKA

Enyi vijana, Ibrahim (A.S.) alipomkataza baba yake ibada ya masanamu, alimwita mara nne kwa neno la upole la mtoto kwa baba (Maryam, 42-45). Kama baba yako anauza makala, usimwaibishe mbele za watu. Zungumza naye kama Ibrahim alivyozungumza.

Msiende msituni wala hifadhini. Huko kuna silaha, na kuhifadhi nafsi ni faradhi. Kazi ipo mtaani, shuleni na kwenye uwanja wa msikiti. Mkiwa na shauri kwa meri, andikeni barua, na mzee mmoja afuatane nanyi.

Enyi wazazi, mzee huyo ni wewe. Kijana aliyeachwa peke yake katika jambo la heri atakamatwa peke yake, au atakata tamaa peke yake.

5. TUANZE HAPA MSIKITINI

- Tupunguze maji ya udhu. Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa mudd moja, kiasi cha viganja viwili vilivyojaa.
- Tutenge pembe ya uwanja kwa kitalu cha miche. Miavoka inafaa nyumbani. Mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi.
- Siku ya salongo, baba na mtoto washike jembe moja.

Ewe Mola wetu, wahifadhi vijana wetu, warehemu waliouawa, ondoa vita katika ardhi yetu, na utujaalie tuwe watengenezaji wala si waharibifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.